Matembezi Yetu ya Ziwa la Rutland

Maneno yaliyosemwa ukumbini Leicester, Jumamosi usiku, baada ya chakula



Mheshimiwa Mwenyekiti wa jumuiya yetu, wazee wangu, ndugu zangu, mashemeji, watoto na wajukuu mliokuja kutoka Mombasa, Maskati, Toronto na London, nanyi wenyeji wa hapa Leicester mliotupokea:

Awali ya yote namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha tena tukiwa wazima, na nawaombea rehema wale ambao mwaka jana tulikula nao katika ukumbi huu na leo viti vyao vimekaliwa na wengine. Kamati imenipa dakika 20 nizungumze juu ya matembezi yetu ya kila mwaka kando ya Rutland Water, na juu ya ndege na wanyama tuliojaaliwa kuwaona huko. Nimearifiwa vilevile, kwa upole ule anaoarifiwa mzee, kwamba baada ya chai ipo hoja ya kuyaondoa matembezi hayo katika ratiba ya jumuiya kwa sababu ya lile lililotokea mwaka jana. Basi nitasema juu ya ndege kama nilivyoagizwa, na katikati nitasema jambo moja ambalo sikuagizwa.

Wengi wetu tumezoea kusema "ziwani", nami nitaendelea kusema hivyo, ila kwa haki ya maneno lile ni bwawa. Katika miaka ya 1970 bonde la mto mdogo uitwao Gwash lilizibwa karibu na kijiji cha Empingham kwa boma la udongo lenye urefu upatao mita 1,200. Kwa kuwa mto wenyewe ni mnyonge na usingeweza kulijaza bonde zima, maji yalivutwa kwa mitambo kutoka mito ya Nene na Welland. Likapatikana bwawa la ekari zaidi ya 3,000, ambalo kwa upana wa uso wake ndilo kubwa kuliko mabwawa yote ya Uingereza, ingawa lile la Kielder huko kaskazini hulishinda kwa wingi wa maji. Kijiji cha Nether Hambleton kilibomolewa chote na Middle Hambleton karibu chote. Upper Hambleton, kwa kuwa kilikuwa juu ya kilima, kilijikuta juu ya rasi iliyozungukwa na maji pande tatu. Kanisa la Normanton lingezama hadi kiunoni. Wakalijaza mawe na saruji sehemu yake ya chini, wakalijengea njia ya kulifikia, nalo limesimama ukingoni hadi leo. Marehemu kaka yangu mkubwa alipoliona kwa mara ya kwanza alinyamaza kitambo, kisha akasema limekaa kama nahodha aliyekataa kuteremka chomboni.

Kaka aliupenda mkoa ule kwa sababu nyingine pia. Rutland ni mkoa mdogo kuliko yote ya kihistoria ya Uingereza. Mwaka 1974 serikali iliufuta na kuuunganisha na Leicestershire, watu wake wakakataa kusahau, na mwaka 1997 ukarudishiwa jina na baraza lake. Kila tulipopita kibao cha mpakani alikuwa akipiga honi mara moja. Mkewe hakupenda, lakini alipiga.

Yeye ndiye aliyeyaanzisha matembezi haya, mwaka 1998, tukiwa watu saba katika magari mawili. Baadhi yenu mnadhani aliiga desturi ya Waingereza. Sivyo. Baba yetu, kama wazee mnavyojua, alikuwa karani wa reli Nakuru, na Jumapili asubuhi alikuwa akitupeleka sisi watoto watatu kando ya ziwa kuwatazama heroe. Mwaka 1960 ziwa lile lilikuwa limekwisha kutangazwa kuwa hifadhi ya ndege, nalo likaja kuwa mbuga ya taifa mwaka 1968. Harufu yake ilikuwa kali, ya magadi na kinyesi, na dada yetu alikuwa akijifunika pua kwa leso; lakini ukingo mzima ulikuwa wa rangi ya waridi, na ule mshindo wao wa pamoja, kama watu wengi wanaonong'ona nyuma ya mlango, sijausikia tena popote. Baba alitufundisha kwamba heroe mdogo huinamisha kichwa juu chini akachuja kwa mdomo mwani usioonekana kwa macho, na kwamba rangi yake hutokana na chakula hicho. Nasikia kwamba tangu miaka ya 2010 maji ya Nakuru yamepanda sana, yamefunika hata lango la zamani la mbuga, na heroe wengi wamehamia Bogoria kwa kuwa chakula chao hakistawi katika maji yaliyopungua magadi. Ndugu zetu wa Kenya watatueleza zaidi wakati wa chai.

Sasa nije kwa ndege wetu wa Rutland. Waingereza humwita osprey. Sisi tangu mwanzo tumemwita furukombe, kwa jina ambalo watu wa pwani humpa ndege mkubwa anyakuaye samaki, na mwenye jina bora zaidi alilete. Mabawa yake yakifunguliwa hufikia mita moja na nusu hivi. Mgongo wake ni wa kahawia, tumbo jeupe, na mstari mweusi hupita juu ya jicho kama wanja uliopakwa na mtu mwenye haraka. Yeye hali kitu ila samaki. Hujitupa kutoka juu, na dakika ya mwisho hutanguliza miguu mbele, akaingia majini kwa kishindo mpaka mara nyingine humwona amezama wote. Nyayo zake zina vijiba vikali vya kumshika samaki mtelezi, na kidole kimoja cha nje huweza kukigeuza nyuma, hata awe na vidole viwili mbele na viwili nyuma.

Ndege huyu aliangamizwa katika nchi hii kwa bunduki na kwa watu waliokuwa wakikusanya mayai yake kama wengine wanavyokusanya stempu. Uskoti, alikokuwa amebakia, alikwisha kutoweka kufikia mwaka 1916. Mwaka 1954 walirudi wenyewe, wakaanza kutaga karibu na Loch Garten. Lakini katika nchi ya Uingereza yenyewe, kusini ya Uskoti, ilikuwa imepita miaka kama 150 bila ya kiota chao. Ndipo mwaka 1996 shirika la hifadhi la Leicestershire na Rutland, pamoja na kampuni ya maji yenye bwawa, wakaanza kazi ambayo haijapata kufanywa katika Ulaya kwa ndege huyu: walichukua makinda ya wiki sita hivi kutoka viota vya Uskoti, wakayaleta Rutland, wakayaweka katika vizimba vya mbao vilivyoelekea maji, wakayalisha samaki bila ya kujionyesha, kisha yalipokuwa tayari kuruka wakafungua. Kati ya mwaka 1996 na 2001 waliletwa 64.

Mtauliza, kwa nini wahangaike na makinda, badala ya kuleta ndege wazima? Ni kwa sababu furukombe akikua hurudi kuzalia pale alipojifunza kuruka, si pale alipototolewa. Kinda aliyetotolewa Uskoti na kuruka mara ya kwanza Rutland, kwake ni Rutland.

Jambo hili lilizusha ubishi mkubwa ndani ya gari la kaka yangu, ubishi ambao wengine wenu mliushuhudia mkiwa watoto nyuma ya kiti. Kaka alisema hii ndiyo habari ya watoto wetu, na tusiwalaumu wakisema kwao ni Leicester. Shemeji yangu, Mungu amrehemu naye, akajibu kwamba hao ni ndege, wala hawana kaburi la bibi yao Mombasa. Mimi niliulizwa upande wangu nikasema ninaendesha. Wala sikuwa ninaendesha.

Mwaka 2001 dume mmoja aliyeletwa mwaka 1997 alipata mwenza, wakalea kinda. Kaka alinipigia simu kazini kunipasha habari, na bila shaka nilidhani kuna msiba, kwa kuwa katika ukoo huu haipigwi simu kazini kwa jambo la heri. Tangu hapo hapakukosekana viota, na kile cha Manton Bay kimekuwa kama barza yetu: hukaa watu katika kibanda cha mbao upande wa Lyndon, wakachungulia kupitia vidirisha, na hakuna asemaye kwa sauti.

Nitaje na safari yao, kwa kuwa watoto huiuliza kila mwaka. Hufika mwezi wa Machi. Hutaga Aprili, huatamia siku kama 37, na makinda huruka Julai. Mwishoni mwa Agosti jike aghalabu hutangulia kuondoka, dume hubaki akiwaletea watoto samaki, kisha kila kinda huondoka kwa wakati wake, peke yake, bila ya mama wala baba wala ndugu wa kumwonyesha njia, maili kama 3,000 kupitia Ufaransa, Hispania na Jangwa la Sahara mpaka Senegali, Gambia na nchi za jirani. Huko hukaa hadi awe na umri wa miaka miwili au mitatu ndipo ajaribu kurudi. Wengi hawarudi. Nimewahi kumwona mmoja wa wajukuu zangu akilia kwa habari hiyo, nikajuta kumweleza, halafu nikaona heri nimeeleza.

Naam. Sasa lile ambalo sikuagizwa.

Mwaka jana, Jumapili ya mwisho ya Agosti, tulikuwa watu 31 katika matembezi. Kiongozi wa njia nilikuwa mimi, kwa kuwa tangu kufariki kwa kaka nimekuwa mimi. Tulichelewa kutoka kwa ajili ya pilau, na badala ya kukubali kwamba muda umekwenda, nikasema tuzunguke rasi yote ya Hambleton, kwani naijua njia kama kiganja changu. Wapo waliosema tufupishe. Nikawaambia kwamba kaka hakufupisha.

Tulipofika penye miti, mahali ambapo ukiangalia ng'ambo ya maji waona kanisa la Normanton, mjukuu wetu, mtoto wa mpwa wangu wa Maskati, wakati huo ana miaka tisa, alinivuta mkono akaniambia, "Babu, kuna ndege mkubwa pale juu ya mti mkavu." Macho yangu hayakumwona. Darubini yangu ilikuwa kwa vijana waliotangulia. Nikamwambia mtoto, na maneno yangu nayakumbuka moja moja: "Kaa hapa kwenye gogo hili. Usiondoke. Naleta darubini, narudi sasa hivi."

Nikaenda. Njiani nikamkuta dada yangu, ambaye ana miaka 78, kiatu kimeachana na soli. Nikaifunga soli kwa kamba, tukacheka, akanikumbusha viatu alivyonunuliwa Nakuru vikamtoka topeni mbele ya watu wa baba kazini, tukashikana mikono tukaendelea mbele. Darubini niliisahau. Na mtoto nilimsahau.

Kule kijijini, mabasi madogo yakiwa tayari kuondoka na jua likianza kushuka, alihesabu mama yake. Tulikuwa 30.

Hapo hapo nilikumbuka. Sikukumbuka baadaye, wala usiku, bali pale pale alipotamka idadi. Baba yake alikuwa amekwisha kukimbia kuelekea majini. Nikawaambia vijana watafute kwenye miti ile, nikasema, "Nadhani nilimwona huko." Nilisema nadhani. Walimkuta ameketi juu ya gogo lile lile, na mama mmoja wa Kiingereza mwenye mbwa amekaa naye akimngojea mtu aje, kwa sababu mtoto alikataa kuondoka. Ilikuwa imepita zaidi ya saa nzima. Hatua chache kutoka pale maji yana kina.

Baba yake alimkumbatia, kisha akamkaripia mbele yetu sote, kama afanyavyo mtu aliyetoka katika hofu. Mtoto akasema, "Babu aliniambia ningoje." Watu wote wakanitazama. Nami, ndugu zangu, nikasema: "Labda hakunielewa."

Mtoto hakupotea. Mwaka mzima mmekuwa mkimtaja katika barua na katika simu kama yule mtoto aliyepotea, na kwamba watoto wa siku hizi hawasikii, na kamati imeandika katika hoja yake maneno "kutokana na mtoto kutengana na wenzake". Hakutengana na mtu. Alimtii babu yake kuliko babu yake alivyostahili kutiiwa. Aliyepoteza kitu siku ile ni mimi, nikakaa kimya miezi 12 kwa sababu ya mvi zangu.

Jana baada ya sala ya Ijumaa niliwaendea wazazi wake pamoja naye, nikawaambia kama nilivyowaambia ninyi sasa. Ningeweza kuyamaliza hapo. Lakini neno nililisema mbele ya watu 30, wala halingefutika chumbani. Mpwa wangu alilia, na haki yake. Mumewe alinyamaza muda mrefu, kisha akaniambia, "Mjomba, nilimkaripia mwanangu kwa ajili yako." Sikuwa na jibu, na mpaka sasa sina.

Mtoto mwenyewe alikuwa na swali moja tu, kama sasa ninasadiki habari ya samaki.

Siku ile, ndani ya basi, alikuwa akiwaambia wenziwe kwamba yule ndege aliruka kutoka mti mkavu, akapiga maji, akatoka na samaki, na kwamba alimshika "kama anampanda", kichwa cha samaki kikitazama mbele. Sote tulidhani anajitungia udhuru, na mmoja wetu alimwambia asiongeze uwongo juu ya utoro. Mwezi wa Juni mwaka huu nilikwenda peke yangu kwenye kile kibanda cha Lyndon. Palikuwa na mzee mmoja wa kujitolea, akanieleza mengi, na katika hayo akasema kwamba furukombe akinyanyuka na samaki humgeuza hata kichwa kielekee mbele, mguu mmoja nyuma ya mwingine, ili upepo usimzuie. Nilikuwa nimetembea kando ya ziwa lile tangu mwaka 1998 na jambo hilo sikuwa nalijua. Mtoto wa miaka tisa alilijua kwa sababu aliliona, na aliliona kwa sababu alikaa kimya juu ya gogo zaidi ya saa nzima, jambo ambalo hakuna mmoja wetu amepata kulifanya. Kwa hiyo nilimjibu kwamba ninasadiki. Na katika daftari la kaka yangu, ambamo tangu mwanzo tumeandika nani ameona nini na siku gani, nimeandika jina lake katika tarehe ile. Ndiye wa kwanza katika ukoo huu kumwona furukombe akivua. Sisi wengine tulimwona akiwa kiotoni, au akipita.

Nirudi kwenye hoja. Waliosema matembezi yana hatari wamesema kweli, na hatari yenyewe mmekwisha kuisikia ilikuwa nani. Njia ni nzuri, lakini baiskeli hupita kwa kasi na bila ya kupiga kengele, malango ya kondoo hufungwa na hufunguliwa, na duara zima la ziwa ni maili 23 ukiingiza rasi ya Hambleton, 17 ukiiacha. Hayo si ya kuamuliwa na mzee mmoja anayejivunia miguu yake.

Hata hivyo, kabla ya kupiga kura kumbukeni jinsi tunavyokaa humu ukumbini. Toronto wamekaa na Toronto. Maskati wako karibu na mlango kwa ajili ya hewa. Watoto wa hapa wako nje. Sisi wazee tumezunguka meza ya kahawa kama tuliogandishwa. Njiani haiwi hivyo, maana njia ni nyembamba na watu hulazimika kwenda wawili wawili, na mwenzio huwa yule aliyetokea kuwa kando yako langoni. Kijana wa Toronto alijifunza jina la babu wa babu yake kutoka kwa shangazi ambaye hakupata kumwamkia hapa ukumbini. Nao wapo ndugu wawili, sitawataja na wanajijua, ambao kwa miaka minne hawakusemezana kwa ajili ya nyumba ya urithi, wakajikuta bega kwa bega ndani ya kibanda cha kuchungulia ndege, darubini ni moja, na sheria ya mahali ni kunong'ona. Mmoja akanong'ona, "Hebu nipe nami." Nyumba haijagawanywa hadi leo, lakini wanasemezana.

Nilichopendekeza kwa kamati, nami nimekiandika ili asiseme mtu kwamba mzee ameghairi, ni hiki. Kiongozi wa njia nisiwe mimi. Awe mpwa wangu wa London, ambaye ana subira na ana saa. Mtu mmoja atangulie na mmoja awe wa mwisho, na wa mwisho asipite mtu yeyote. Tuhesabiane kila langoni, kwa sauti. Tutoke asubuhi, si baada ya pilau. Wenye magoti mabovu, na mimi nimo, tutembee juu ya boma la Empingham tu, ambako ni tambarare na kiti hakiko mbali. Na anayemwambia mtoto angoje, angoje naye.

Kesho, kura zikiruhusu, msitarajie makubwa. Jike la Manton Bay pengine limekwisha kwenda zake. Mabata mtayaona kwa maelfu, ila madume katika miezi hii hupukutika manyoya ya fahari na kufanana na majike, kwa hiyo msibishane mno juu ya majina. Ziwa lile limeorodheshwa tangu mwaka 1991 miongoni mwa ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa chini ya mkataba wa Ramsar, na sababu mojawapo ni wingi wa mabata hao wakati wa baridi. Mtawaona minandi wakikausha mabawa, korongo, na pengine yangeyange mkubwa mweupe. Fisi-maji wapo, lakini mimi sijawahi kumwona na sitaki kuambiwa na mtu kwamba amemwona mara ya kwanza alipokwenda.

Watoto waulizeni wakubwa wenu habari ya yule mjusi wa bahari. Mwezi wa Februari mwaka 2021, walipokuwa wamepunguza maji katika kidimbwi kimoja cha hifadhi, mfanyakazi aliona kitu kama mabomba ya udongo yametokeza topeni. Ilikuwa pingili za mgongo. Walipochimba walipata mifupa ya mnyama wa bahari mwenye urefu wa mita 10, wa zamani za miaka milioni 180 iliyopita, wakati nchi ile yote ilipokuwa chini ya bahari. Kichwa chake peke yake, pamoja na udongo walioutoa nao, kilikuwa na uzito wa tani nzima. Sisi tulikuwa tukipita karibu yake kila mwaka tukila sambusa.

Basi, kama hoja ikianguka, mabasi yataondoka mbele ya ukumbi huu saa mbili na nusu asubuhi. Njooni na viatu vilivyoshonwa, si vilivyogundishwa. Koti la mvua hata kama jua linawaka. Chai itakuwa katika themosi tatu, moja haina sukari na ina kitambaa chekundu. Darubini zangu mbili zitakuwa kwa mpwa wangu. Daftari la kuhesabia watu atalishika mjukuu wetu wa Maskati, ambaye sasa ana miaka 10. Ameliomba mwenyewe, na wazazi wake wamekubali aje. Atasimama kila langoni, na hatawaruhusu kupita mpaka idadi itimie. Mimi jina langu nimemwomba aliandike la kwanza.